Kengele za Bow, London: nimeenda kuzisikia mwenyewe, nawaletea ripoti kamili

Habari zenu wapendwa. Hii rivyuu nimekaa nayo moyoni tangu mwaka jana, leo acha niiandike yote, maana kuna watu wananiuliza kila siku ukija London uende wapi, na wengi wakifika wanapiga picha Big Ben, wanapanda lile gurudumu kubwa pale mtoni, basi wamemaliza. Mi nawaambia kuna kanisa moja la parokia linaitwa St Mary-le-Bow, liko mtaa wa Cheapside, katikati kabisa ya London ya kale, ukitoka pale kanisa kubwa la St Paul's ni dakika chache tu kwa mguu unaelekea mashariki. Kuingia ni bure. Nilienda kwa ajili ya kengele za mnara wake, na kengele ndo nazipa rivyuu hapa, mengine nitayagusa tu.

Kwanza niwaambie kwa nini kengele za Waingereza zinihusu mimi mtu wa Upareni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pale nyumbani tulikuwa na redio ya National yenye koti la ngozi, betri zikichoka tunazianika juani zipate nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari. Jioni mzee anaanza na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, wote tunasikiliza, halafu usiku tukishalala yeye anazungusha kisahani taratibu kwenye masafa mafupi anatafuta ile ya Kiingereza. Na kabla mtangazaji hajaongea kulikuwa kunasikika kengele. Nyingi, zinashuka kama maji yanavyoshuka kwenye mawe, zinarudi juu, zinashuka tena, huku mawimbi ya redio yanazipeleka na kuzirudisha kama zinapulizwa na upepo. Mi niko kitandani sielewi Kiingereza hata neno lakini zile kengele nilikuwa nazijua. Kengele niliyoizoea ilikuwa moja tu, ya usharika, na kule mtaani kwetu juu hata hiyo hatukuwa nayo, tulikuwa na rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti na mzee wa kanisa anaigonga kwa nondo. Sasa hizi za redioni nilikuwa nawaza ni mji wa namna gani wenye kengele nyingi hivi zinaongea zote kwa pamoja.

Miaka imepita, nikaja huku kwa kazi, nimeishi huku muda mrefu tu bila kujua kumbe zile ndo zinaitwa kengele za Bow na kanisa lenyewe nalipita na basi karibu kila wiki. Nilijua kwa bahati, wageni walikuja kutoka nyumbani tukalipia basi moja la watalii, kampuni siitaji, yule mtembezaji tulipopita Cheapside akaelekeza kidole dirishani akasema kengele za kanisa hili zilikuwa zikirushwa na BBC dunia nzima, na ni zilezile zina miaka mia tatu mnarani. Basi halikusimama hata sekunde. Nilishtuka nikageuza shingo mpaka mnara ukapotea, na jumapili iliyofuata nikarudi peke yangu.

Kanisa kwa nje: mnara ni mrefu haswa, kama mita 68, jiwe jeupe, juu kabisa kuna sanamu ya joka la shaba linaloonyesha upepo unakotoka, ukilitazama kutoka chini unaliona dogo lakini lina karibu mita 3. Aliyeuchora ni Christopher Wren, huyuhuyu wa St Paul's, baada ya ule moto mkubwa wa 1666 kulimaliza kanisa la zamani. Mnara ulikamilika 1680. Pembeni kuna kiwanja kidogo chenye sanamu ya Kapteni John Smith, msafiri wa baharini Mwingereza wa zamani, na sehemu za kukaa, na hapo ndo pa kusikilizia, ntawaeleza. Chini kuna besimenti ya mawe ya tangu miaka ya 1080 hivi, dari zake zimejengwa kwa matao, na hilo neno "Bow" linatokana na hayo matao. Shukeni mkaione, ni sehemu kongwe kuliko vyote hapo, moto wa 1666 uliipita na mabomu ya Vita ya Pili ya Dunia yakaipita.

Haya, kengele zenyewe. Ziko 12. Kubwa kuliko zote inabeba jina la Bow, uzito wake ni zaidi ya tani 2, nyingine zina majina ya watu na watakatifu, kuna Katharine, Fabian, Christopher, Margaret, Mildred, Faith, Augustine, John, Timothy, Pancras, Cuthbert. Kila moja imeandikwa maneno ya kusifu, na ukichukua herufi ya kwanza ya maneno ya kila kengele ukazipanga unapata D WHITTINGTON. Huyu Richard Whittington, wenyewe wanamwita Dick, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na meya wa London, alifariki 1423, na watoto wa huku wote wanajua hadithi yake kwamba alipokuwa kijana maskini alikata tamaa akaanza kuondoka mjini kwa miguu, amefika kilima cha Highgate akazisikia kengele za Bow zinamwambia rudi Whittington, utakuwa meya. Hadithi ni hadithi, lakini umeya wake ni wa kweli, na nimependa kwamba wametia jina lake ndani ya shaba mahali ambapo hakuna mtu wa chini anayeweza kulisoma.

Siku ile nilifika mapema nikakaa kiwanjani. Barabara ilikuwa na magari na juu ya ghorofa jirani kuna ujenzi unaendelea, kwa hyo usitegemee utulivu wa kijijini. Mara ikaanza moja ndogo, ile nyembamba, ikafuatiwa na ya pili, ya tatu, mpaka ile kubwa ya mwisho ambayo sauti yake uliisikia zaidi kwenye kifua kuliko masikioni, kwenye benchi la mawe nililokaa nilihisi mtikisiko mdogo. Zikashuka hivyo mara kadhaa kwa mpangilio, kubwa baada ya ndogo, halafu zikaanza kubadilishana nafasi. Nililia jamani. Mama mmoja Mwingereza aliyekaa karibu akanipa tishu bila kuuliza kitu.

Nitoke kidogo nielezee hapa kwenye kubadilishana nafasi maana bila kuelewa utasema wanapiga ovyo. Wenzetu huku kengele hazipigwi wimbo. Kengele imefungwa kwenye gurudumu la mbao, na kabla ya kuanza inasimamishwa mdomo juu, mpigaji akivuta kamba inazunguka duara zima mpaka mdomo unarudi juu upande wa pili, ulimi unagonga mara moja. Kitu cha tani nzima kikishaanza kuzunguka huwezi kukiharakisha sana wala kukichelewesha sana, unaweza kukisogeza nafasi moja mbele au moja nyuma tu, kwa hiyo badala ya wimbo wanacheza na zamu: aliyekuwa wa tatu anakuwa wa pili, wa pili anakuwa wa tatu, na sheria ni kwamba mpangilio mmoja usirudiwe. Kwa kengele 7 kuna mipangilio 5,040 na kuimaliza ni kama masaa 3 hivi watu wamesimama. Kwa 8 ni 40,320, na kuna watu waliwahi kuimaliza yote bila wapigaji kupokezana, mwaka 1963 mji wa Loughborough, karibu masaa 18. Kwa 12 kama hizi za Bow ni 479,001,600, yaani ukisema uzimalize ni miaka zaidi ya 30 usiku na mchana.

Haya yote nimeyajua kwa sababu niliporudi nyumbani nilienda kanisa dogo la jirani na ninapoishi, nikaomba kuona wakifanya mazoezi, wakanikaribisha juu vizuri sana. Ngazi za kuzunguka, nyembamba, unashika ukuta. Chumba hakina kengele hata moja, ziko juu zaidi, unaona kamba tu zinashuka kwenye matundu ya dari, na kila kamba ina sehemu imefumwa manyoya ya sufu rangi nyekundu na nyeupe na bluu, nene kama mkono wa mtoto, hapo ndo mpigaji anaposhika. Wakanipa niishike. Ya kwangu ilikuwa imelainika pale katikati kwa mikono ya watu, ikang'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Mzee aliyekuwa ananielekeza alisimama nyuma yangu akashika juu ya mikono yangu, akasema usiivute, isindikize. Ilipopanda ilinipeleka mikono mpaka vidole vya miguu vikabaki peke yake chini. Toka siku hiyo nikisikia kengele namuona mtu.

Sasa turudi Bow. Pale kiwanjani nilirekodi dakika mbili kwa simu nikamtumia baba WhatsApp, nikamwandikia shikamoo baba, sikiliza hizi, ndo zile za redio yako. Nikakaa nasubiri afurahi. Baada ya kama saa moja ikaja voisi noti. "Marahaba mwanangu. Nimesikiliza mara mbili. Hizo sizo."

Nikampigia. Nikamwambia baba ndo zenyewe, mi niko hapa chini ya mnara. Anasema hapana, zile zilikuwa nzito, na ile ya mwisho ilikuwa inachelewa kidogo, hizi ni nzuri lakini sizo. Mtu wa miaka zaidi ya 80. Nikajua labda ni masikio, au ni redio ilikuwa inakwaruza. Lakini ikanikera, nikaanza kusoma, na nikakuta mzee yuko sahihi na yule wa kwenye basi amenidanganya.

Iko hivi. Kengele za Bow ni za zamani sana, mwaka 1469 ilitolewa amri ipigwe kila usiku saa 3, na vijana waliokuwa wanajifunza kazi kwenye maduka ya Cheapside walikuwa wanafunga duka ikilia, kwa hyo karani wa kanisa akichelewa kuipiga wanamtungia ubeti kwamba wewe mwenye nywele za njano tutakugonga kichwa, na yeye akawajibu kwa ubeti kwamba tulieni watoto wa Cheap, itapigwa mnavyotaka. Nimeipenda hii sana, hata Upareni wale vijana wangefanya hivyohivyo. Kengele hizo ziliangamia kwenye moto wa 1666. Mnara mpya wa Wren ukapata nyingine, ikafika 1762 zikawa 10, na 1881 zikaongezwa zikafika 12. Hizo ndo zilikuwa zinasikika London ya kina babu zao, na ndo zimeleta ule msemo kwamba Cockney halisi, yaani mzawa wa London wa mtaani, ni yule aliyezaliwa mahali sauti ya kengele za Bow inafika.

Mwaka 1926 BBC wakazirekodi. Miaka michache baadae kengele zikawa na hali mbaya, 1933 zikatengenezwa, baadhi zikayeyushwa na kumiminwa upya, na aliyelipia ni Gordon Selfridge, yule mwenye duka kubwa la Oxford Street. Halafu vita. Juni 1940 serikali ikapiga marufuku kengele zote za makanisa nchi nzima, ikilia kengele ijulikane Wajerumani wameshuka. Kwa hyo mnara wa Bow kimya. Lakini BBC ile rekodi ya 1926 wakaanza kuitumia kwenye matangazo ya kwenda nje, Ulaya iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, watu wamejifungia ndani wanasikiliza kwa siri, kabla ya habari wanasikia kengele za London. Fikiria hicho kitu. Mwenye kengele haruhusiwi kuzipiga, na walioko mbali huko gizani ndo wanazisikia.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1941, usiku ule ule ukumbi wa Bunge lao ulipoteketea, bomu likaipata Bow. Kanisa likaungua, kengele zikaanguka kutoka juu mnarani, zikavunjika. Kuta za mnara zikabaki zimesimama. Na redioni kengele zikaendelea kulia kama kawaida, siku hiyo, wiki hiyo, mwaka huo, na baada ya vita, na miaka ya sabini na themanini zikafika mpaka kwenye redio ya National ya mwalimu mmoja milimani Upareni, na mtoto wake yuko kitandani anazisikiliza.

Yaani zile nilizokuwa nazipenda utotoni zilishavunjika kabla baba yangu hajaanza shule. Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Hizi za sasa zilimiminwa 1956 pale Whitechapel, mashariki ya London, kiwanda ambacho historia yake wanaihesabu kuanzia 1570, ndo kilichotoa na Big Ben mwaka 1858. Zikapandishwa mnarani zikalia mara ya kwanza 1961, na kanisa lenyewe likakamilika na kuwekwa wakfu upya 1964. Kiwanda kimefungwa 2017, nilienda nikakuta milango imefungwa tu, nimesimama pale Whitechapel Road watu wanapita na mifuko ya sokoni kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Imeniuma. Mahali kama pale pangekuwa Tanzania mngenisikia napiga kelele, na huku napiga pia, kengele ikipasuka leo fundi wa kuitengeneza wa jadi anazidi kuwa mbali.

Nikatafuta ile rekodi ya zamani mtandaoni, nikaipata, inakwaruza vizuri kabisa, nikamtumia mzee usiku wa saa zao nne. Dada yangu anayekaa naye ndo aliniambia: aliweka simu kwenye sikio, kengele zilipoanza akanyoosha mkono kama anavyofanya zamani kutunyamazisha, akasema "Ndo hizo. Nyamazeni sasa, habari inakuja."

Sasa rivyuu yenyewe kwa anayetaka kwenda. Nyota 5, na nazitoa kwa moyo mweupe. Kengele za 1956 sio za baba yangu lakini ni kengele za kweli, zina sauti safi iliyokaa pamoja kwa sababu zilimiminwa zote kwa wakati mmoja na kiwanda kimoja, na ile kubwa, ile Bow, uisikie ukiwa chini yake, simu haiwezi kuibeba. Usije kwa kupita na basi. Angalia kwanza kwenye tovuti ya kanisa ni siku gani zinapigwa kwa ukamilifu, maana siku za kawaida unaweza kuambulia za saa tu ukaondoka unasema mbona hamna kitu. Shuka stesheni ya St Paul's, au Bank au Mansion House, zote ziko karibu. Jumapili ni nzuri zaidi, hii sehemu ni ya maofisi kwa hyo wikiendi magari yanapungua, na sauti inapata nafasi.

Usisimame barabarani Cheapside chini ya mlango wa mnara, pale kelele za magari zinakula zile kengele ndogo, unabaki na kubwa tu. Zunguka uingie kile kiwanja cha pembeni chenye sanamu ya John Smith, kaa upande ule wa mbali na barabara, ukuta wa kanisa unakukinga. Zikianza usirekodi kwanza. Ukitaka kurekodi subiri zile za mwisho, wanapomaliza wanarudi kwenye mpangilio wa kushuka, ndogo mpaka kubwa, mara kadhaa, halafu zinakoma zote kwa pamoja, na ukitulia hapo utaisikia ile kubwa inaendelea kunguruma kidogo ndani ya mnara baada ya nyingine zote kunyamaza.